"Sisikii tena Roho": kisa cha mama mmoja wa Utah na sonona ya baada ya kujifungua

Kabla ya yote

Mimi ni mkalimani, Kiswahili na Kiingereza, kwenye kliniki za bonde la Salt Lake huku Utah. Pia ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndio wale ambao watu bado wanatuita Wamormoni ingawa tangu 2018 Russell M. Nelson, rais wa kanisa wakati ule, alishaomba hilo jina la utani tuachane nalo. Nalisema mapema kwa sababu kwenye hiki kisa cha sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, dini yangu ilisaidia sehemu moja na ikanifunga mdomo sehemu nyingine, na zote mbili ntazieleza.

Huyu mama ntamwita Mama K. Amenipa ruhusa, nimemsomea yote kabla. Nimebadilisha umri, kazi ya mume, na vitu vingine vidogo ili asitambulike.

Alikotoka

Mama K ana miaka 30 na kitu. Kwao ni Kivu Kusini ila amekulia Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Kasulu mkoa wa Kigoma, akaolewa hukohuko na watoto wawili wa kwanza akazalia hukohuko. Anasema kambini hakuwahi hata kujiuliza nani atafua nepi. Mama yake alikuwa nyumba ya tatu, majirani wanaingia tu, mmoja kaja na maji ya moto ya kumkanda, mwingine na uji, mwingine kamchukua mtoto mkubwa kaenda kucheza na wa kwake, na mzazi hasogei mpaka arobaini iishe. Umaskini ulikuwepo mwingi lakini usingizi aliupata.

Walipohamishiwa Marekani wamisionari waliwafikia mwaka wa kwanza tu, wakabatizwa, baadaye wakaunganishwa hekaluni, yaani wakafungwa kuwa familia ya milele. Hakuna aliyewalazimisha, na Mama K mwenyewe anasisitiza niliandike hili: aliomba kuhusu Kitabu cha Mormoni, akasikia moto kifuani, akajua. Chai ya majani akaiacha kwa ajili ya Neno la Hekima, ile sheria yetu ya afya inayokataza chai na kahawa, akabaki na maziwa na tangawizi, na kwa mtu wa kwetu kuacha chai mjue imani ipo.

Mimba ya tatu ikaja huku. Alijifungua Januari kwa upasuaji. Wanaokaa Salt Lake wanaijua Januari yake, theluji, halafu ule moshi unakwama bondeni siku nyingi mpaka milima huioni na wanakwambia mtoto mchanga usimtoe nje, saa kumi na mbili jioni tayari giza. Mume anafanya shifti ya usiku, alipewa wiki moja ya kukaa nyumbani basi. Mama mzazi bado yuko kambini, wanaongea WhatsApp, na kila akipiga anaambiwa tuko salama mama, mtoto ananyonya vizuri.

Ilivyokwenda

Siku za kwanza alilia lia bila sababu. Hilo ni la kawaida kabisa, wazazi wengi mno linawapata kuanzia siku ya pili au ya tatu na linaisha ndani ya wiki mbili. Yeye halikuisha.

Kata yao, yaani ushirika wa kanisa wa mtaa wao, ilifanya kile kata za Utah zinachokijua vizuri kuliko kitu chochote, ilipitisha orodha ya chakula. Wiki mbili mfululizo, saa kumi na moja unusu, kengele inalia, dada mmoja kasimama na sinia limefunikwa foili, viazi vya jibini vya kuoka vile ambavyo huku wanapeleka mpaka msibani, mkate, biskuti za watoto. "Ukihitaji chochote tuambie!" Halafu wanaondoka, tena kwa heshima, hawataki kumsumbua mzazi. Mama K anasema hakuna hata mmoja aliyekaa chini. Na mtu anayezama hapigi simu kuomba kamba. Wiki ya pili orodha ikaisha, na wiki ya tatu ndo mambo yakaanza kuharibika sawasawa.

Akawa halali hata mtoto akilala. Akawa anaogopa ngazi. Kila akikaribia ngazi za apatimenti na mtoto mkononi inamjia picha mtoto ameanguka, tena kama yeye ndo kamwachia, anashtuka mpaka jasho linamtoka. Akaanza kushuka kwa kukaa, ngazi moja moja kwa makalio, na kidonda cha tumboni. Hakumwambia mtu. Aliwahi kusikia mtaani kwamba huku ukisema mambo ya hivyo serikali inakuja kuchukua watoto.

Mtoto alipofikisha mwezi wakaenda kliniki ya watoto. Pale mama hupewa fomu ya maswali 10, kipimo cha Edinburgh, kilitengenezwa Scotland 1987, unajibu kuhusu siku 7 zilizopita na jumla ya juu ni 30. Fomu ya Kiswahili haikupatikana siku hiyo, mkalimani hakuitwa, mume akaambiwa asaidie. Swali la kwanza linahusu kuweza kucheka. Mume: "Wanauliza kama unacheka." Mama K: "Waambie nacheka." Wakaenda hivyo mpaka mwisho. Alama 4. Faili likaandikwa hana tatizo.

Jumapili ya kwanza ya Machi mtoto akabarikiwa kanisani, baba yake ndo aliyemshika na kutamka jina na baraka mbele ya kata nzima. Watu walilia. Mama K alikaa benchi la pili na macho makavu. "Niliangalia kama naangalia TV ya nyumba ya watu," aliniambia baadaye. Pale ndipo alipohitimisha moyoni mwake kwamba Roho Mtakatifu amemwacha, na kama amemwacha basi kuna dhambi kaifanya, akaanza kuitafuta. Usiku, mtoto ananyonya, yeye anapekua maisha yake yote kutafuta dhambi.

Siku mbili baadaye akapiga simu kliniki kwa ajili ya maumivu ya kidonda, wakamuunganisha na mkalimani wa simu ambaye sijui alikuwa wapi. Nesi akauliza, na wewe mwenyewe unajisikiaje? Akajibu kwa Kiswahili cha kwao: "Sisikii kitu. Sisikii tena Roho." Mkalimani akatafsiri kwamba hasikii kwa masikio, na kwamba hasikii tena sauti za pepo. Nesi wa watu akaandika alichoambiwa, mgonjwa alikuwa anasikia sauti, sasa anasema zimekoma.

Mimi niliingia siku ya miadi ya wiki ya sita. Nakuta mlangoni wanajadiliana wamkimbize idara ya dharura ya magonjwa ya akili au vipi.

Maamuzi na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa nesi na naona ndo uliookoa kila kitu, alimwomba mume akae nje na mtoto, kwa upole, akasema ndio utaratibu wa kila mama. Mlango ulipofungwa Mama K alianza kulia kabla hajaulizwa lolote.

Wa pili ulikuwa wangu. Mkalimani haruhusiwi kuongeza maneno yake, lakini anaruhusiwa kusimamisha mazungumzo na kusema hapa kuna neno lina maana mbili. Nikasimamisha. Nikaeleza kwamba kwetu kusikia ni masikio na pia ni mwili na moyo, unasikia njaa, unasikia baridi, unasikia uchungu, na kwamba "Roho" aliyemtaja ni Roho Mtakatifu wa kanisani kwake, hakuna sauti yoyote hapo. Nikaomba nesi amuulize upya yeye mwenyewe. Akaulizwa: kuna sauti unazisikia wengine hawazisikii? Hapana. Kuna mtu anakutumia ujumbe kwa siri, au unaona mtoto huyu siye wako? Hapana, kwa nini mnaniuliza hivyo? Na zile picha za ngazi zilikuwa zinamtisha yeye mwenyewe, alikuwa anafanya kila njia zisitokee. Mtu mwenye saikosisi ya uzazi, yaani kuchanganyikiwa akili baada ya kujifungua, inayowapata mama 1 au 2 katika kila 1,000, mara nyingi haoni kama kuna kasoro kwenye mawazo yake, na huyo kweli anahitaji hospitali saa ileile. Kwa hiyo wazo la kumkimbiza dharura likaachwa.

Fomu ikarudiwa, swali kwa swali, Kiswahili. Alama 19. Swali la 10 ni la kujidhuru, alinyamaza muda mrefu halafu akasema imemjia, si mara nyingi. Hana mpango, hana njia, alichokuwa anataka ni kulala asiamke "kwa siku chache".

Dokta akachukua damu kuangalia wingi wa damu na tezi ya shingo, maana tezi ikiyumba baada ya uzazi inaweza kuigiza sonona vizuri sana. Tezi iko sawa, damu pungufu, akapewa vidonge vya chuma. Kwa sonona walichagua sertraline, miligramu 25 wiki ya kwanza halafu 50, kwa sababu ni ya zamani, imechunguzwa sana kwa wanaonyonyesha na inaingia kidogo mno kwenye maziwa. Ile dawa mpya ya siku 14, zuranolone, iliyopitishwa Marekani mwaka 2023 ilitajwa, ila inasinzisha, ukiimeza hutakiwi kuendesha gari kwa muda wa masaa 12, na kwa wanaonyonyesha taarifa bado ni chache, wakaiacha. Akaandikiwa pia mshauri nasaha, na namba ya simu ya taifa ya akina mama, 1-833-852-6262, inafanya kazi usiku na mchana na ukitaja lugha wanakutafutia mkalimani.

Kuhusu kunyang'anywa watoto, nesi alimjibu akimwangalia machoni: kuwa na mawazo yanayokutisha na kuja kuomba msaada sio sababu ya kuchukuliwa mtoto. Mama K alimwambia arudie. Akarudia.

Mume akaitwa ndani kwa ridhaa yake. Alisikiliza, akasema, "Tutafunga na kuomba." Dokta akasema sawa baba, yeye asifunge maana ananyonyesha, na vidonge ameze. Askofu, ndio kiongozi wa kata, naye alienda nyumbani kesho yake, akampa baraka ya ukuhani, yaani kumwekea mikono kichwani na kumwombea, na kwa jinsi Mama K alivyonisimulia alimwambia dawa pia ni jibu la maombi. Kufikia hapo kila mtu alifanya sawa.

Pale tulipoteleza

Wiki ya nne ya dawa akaanza kulala. Wiki ya tano akacheka na mtoto wake mkubwa, akamwambia dada mmoja wa kata, mzee mwenye nia njema kabisa, na yule dada akafurahi akasema, unaona, ile baraka! Sasa mtu mwenye imani, kama baraka imemponya, vidonge vya nini tena? Kuendelea kuvimeza si itakuwa kumwambia Mungu kwamba humuamini? Katikati ya Aprili akaviacha kimyakimya. Kizunguzungu siku kadhaa, halafu shwari, halafu shimo lilelile na pengine zaidi.

Hapa nina la kwangu. Kwenye ile miadi dokta alisema dawa iendelee angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu. Nilitafsiri, neno kwa neno, mara moja, mwisho wa miadi, mtoto analia na mume anaangalia saa. Nilijua kabisa kwamba mtu wa kanisani kwetu akipata nafuu baada ya baraka atafikiria nini, maana mimi mwenyewe ningefikiria hivyo. Ningeweza kumwomba dokta amuulize, je ukijisikia umepona kwa maombi utafanyaje na vidonge? Sikusema, niliona aibu kuonekana naisemea dini yangu vibaya mbele ya dokta asiye muumini.

Mei, Jumapili ya pili, Siku ya Akina Mama. Wasioijua kata ya Utah siku hiyo niwaambie: watoto wa Msingi, ndio madarasa ya watoto ya kanisani, wanapanda mbele kuimba, wazungumzaji wanasimulia mama zao malaika ambao hawakuwahi kupandisha sauti, mwisho vijana wanapita na maua au chokoleti kwa kila mwanamke. Mama K alivumilia mpaka mzungumzaji wa pili. Akabeba mtoto akakimbilia kile chumba cha kunyonyeshea, na kile chumba kina spika ukutani ili akina mama wasikose mkutano. Kwa hiyo kakaa pale gizani analia na bado anasifiwa mama mwema kutoka darini.

Akaingia bibi mmoja wa Kizungu, mrefu, ambaye walikuwa wanasalimiana tu. Akamwona. Akaenda ukutani akapunguza sauti mpaka mwisho, akakaa chini kwenye zulia na gauni lake la kanisani, akamchukua mtoto. Hakusema kitu mpaka mkutano ukaisha. Kesho yake ndiye aliyempeleka kliniki kwa gari lake, na njiani ndipo alipomwambia kwamba yeye zamani sana, kwa mtoto wake wa nne, alilazwa, na miaka yote hiyo kata haijui.

Ilivyoishia

Sertraline ikaanzishwa upya. Safari hii nikaomba tutumie dakika 20 kwenye suala la baraka na vidonge tu, na yule bibi alikuwepo ndani kwa ruhusa ya Mama K. Akasema yeye ana baraka, na ana miwani, na hajawahi kuona mgongano.

Rais wa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, ndio kiongozi wa wanawake wa kata, akabadili msaada wote. Hakuna sinia tena. Jumanne na Ijumaa mtu anakuja saa tatu usiku mpaka saa saba, anakaa sebuleni na mtoto, Mama K analala. Wamama wa Kikongo, wengine Wapentekoste wala sio wa kanisa letu, wakapanga Jumamosi zao, wanakuja kupika sombe na bugali, kupiga kelele, na kumkanda maji ya moto, arobaini ya miezi 4 iliyochelewa. Mume akapata shifti ya mchana Julai.

Kanisa lina huduma yake ya ushauri nasaha na askofu alisema kata italipia, lakini Mama K akachagua mshauri wa nje, aliogopa maneno yasirudi kanisani. Uamuzi ule uliheshimiwa na naona ndo uliomfanya aongee. Mwezi wa sita baada ya kujifungua alama 9, mwezi wa tisa alama 5. Anashuka ngazi kwa miguu. Dawa bado anameza.

Uchambuzi

Kitu ambacho sijakiona kwenye mafunzo yoyote ya ukalimani niliyopitia ni hiki. Kwenye imani yetu ukweli unaujua kwa kuuhisi. Mmisionari anakuambia omba, utasikia. Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vyetu vya maandiko, sehemu ya 9 inasema jambo likiwa sahihi kifua kitawaka ndani yako, lisipokuwa sahihi utapata mzubao wa mawazo. Sasa sonona inafanya nini? Inazima kifua na inaleta mzubao. Mkristo wa dhehebu lingine akipata sonona anaweza kusema nina huzuni, Mungu nisaidie. Mtakatifu wa Siku za Mwisho anaisoma ileile huzuni kama jibu: sipo sahihi. Ugonjwa unavaa nguo za hukumu. Na mafungu yale aliambiwa Oliver Cowdery, mwandishi wa nabii Joseph Smith, mwaka 1829 kuhusu kazi moja mahsusi, alikuwa anajaribu kutafsiri (mkalimani mwenzangu), hayakuandikwa kupimia afya ya mzazi wa wiki ya sita. Mshauri wake, asiye muumini, alilielewa hilo haraka kuliko mimi. Alimuuliza: siku hizi unasikia njaa? Unasikia utamu wa chakula? Unasikia muziki mwilini? Hapana yote. Akamwambia, basi si Roho peke yake aliyenyamaza, kila kitu kimenyamaza, na Mungu hakuondoka na njaa yako. Mama K alicheka, katikati ya machozi.

Mafundisho yenyewe hayakuwa kikwazo. Oktoba 2013 Mzee Jeffrey R. Holland, mmoja wa mitume wa kanisa letu wakati ule, alisimama kwenye mkutano mkuu akazungumzia sonona wazi, akataja ya kwake mwenyewe, akahimiza watu waende kwa wataalamu. Askofu alijua hilo. Lakini kati ya mimbari na sebule kuna dada mwenye nia njema, kuna tangazo la kanisa kuhusu familia la 1995 limewekwa fremu ukutani, lile linalosema malezi ya watoto ni jukumu la mama kwanza, na kuna sura za Jumapili ambazo zote zimepakwa tabasamu. Mama K hakuwahi kusikia mwanamke yeyote wa kata akisema "mimi iliwahi kunipata" mpaka yule bibi kwenye zulia. Kama angesikia Februari, nadhani tusingefika Mei.

Fomu ya mwezi wa kwanza sitaki kuiita uzembe wa mtu mmoja, kliniki ilikuwa imejaa na mume alikuwa hapo anaongea Kiingereza. Lakini 4 na 19 ni mwanamke yuleyule ndani ya wiki mbili na nusu. Kwenye kliniki hiyo sasa fomu ya Kiswahili imeprintiwa iko drooni, na mume anaombwa atoke kila mara. Mkalimani wa simu pia simlaumu sana, "kusikia" lingeweza kunitega na mimi. Ila alitakiwa aulize.

Na chakula. Kata ilitoa kile ambacho Utah inajua kutoa, ikakitoa wiki mbili za mwanzo wakati damu bado inachemka na wageni wapo, ikaacha pale ugonjwa unapoanzia. Masinia yale yangegawanywa mpaka wiki ya kumi, na anayeleta angeambiwa aingie akae nusu saa, matatizo yangeonekana na jicho lolote la mwanamke.

Nilipomsomea Mama K haya yote alisikiliza kimya, mtoto anatambaa miguuni. Alikubali kila kitu ila sehemu moja akataka irekebishwe. "Umeandika waliniletea viazi," akasema. "Andika na hili, sikuvila hata siku moja. Watoto ndo walikula. Na usimwambie rais wa kina mama."